Futi Aliyoishika Bwana Njia

Nilikuwa nimefukiwa na tope hadi kifuani, mdomo umejaa mchanga, nikamsikia mzee anasema, "Usihangaike. Ukihangaika unazama. Tulia, nakutoa."

Ilikuwa saa nne asubuhi na mvua bado inanyesha. Jembe lake alikuwa ameliweka kando, anachimba kwa mikono, maana aliogopa kunikata. Mzee wa umri ule, kucha zinatoka damu, anafukua kama anafukua viazi. Mimi namwambia, "Zena yumo humu. Mtoe Zena." Zena ni mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa ameingia jikoni kutazama mihogo. Nilimsikia akiita "Dada!" mara moja tu.

Mzee alinitoa. Akageukia upande wa jiko, akaanza upya kwa mikono ile ile. Mlima ukanguruma tena juu yetu, watu wakamkamata kiunoni wakamvuta. Alikuwa anawapiga. Mtu ambaye sijawahi kumwona ameinua mkono kwa mbuzi, siku ile anawapiga ngumi majirani zake waliokuja kumwokoa, anapiga kelele, "Niacheni, nimeshafika kwenye mafiga! Nimeyagusa mafiga!"

Zena tulimtoa saa kumi jioni, karibu kabisa na yale mafiga.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Sijui kuandika kwa mpangilio, naandika ninavyoongea. Lakini nimeamua kumwandika huyu mzee, kwa sababu ukishamjua yeye utajua mdogo wangu aliuawa na nani. Mkuu wa msafara wa halmashauri aliyekuja na rambirambi alisema ni mvua. Haikuwa mvua.

Kwetu hakuna aliyemwita jina lake. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Bwana Njia. Vijana wa bodaboda walipotaka kumtania walimwita Waziri wa Ujenzi, naye akawajibu, "Waziri ana gari, mimi nina jembe, na yeye ndiye anayechelewa kazini."

Tunakaa ubavuni mwa Uluguru, juu ya mji. Ukisimama uani kwangu, pale palipokuwa uani kwangu, unaziona bati za Mwembesongo, kule mjini, zinametameta, unadhani ukitupa jiwe litafika. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu kushuka, na kupanda usiulize. Karoti, kabichi, magimbi, ndizi, vyote vinashuka kichwani. Njia ni moja. Ilikuwa moja. Nayo alikuwa anaitunza yeye, bila mtu kumtuma, bila posho, tangu mimi bado nabebwa mgongoni.

Mvua ikianza watu hukimbilia ndani. Yeye ndipo alipotoka. Alikunja kiroba cha mbolea akakivaa kichwani kama kofia, akapita njia yote anatazama maji yanavyotembea. Nikiwa msichana nilimwuliza kwa nini asingoje mvua ikatike. Akaniambia, "Ikikatika nitaona matope. Mimi nataka kumwona mwizi akiwa kazini." Pale maji yalipotaka kuifuata njia kushuka nayo, alikata kinga maji, mfereji mfupi wa kukatisha, yakatoka pembeni kwenye majani marefu ya mabingobingo. Njia nzima ilikuwa na makinga maji hayo, mengi kiasi kwamba ukiwa na beseni kichwani miguu yako ilikuwa inajua yenyewe wapi pa kuruka.

Nje ya nyumba yake kulikuwa na kisiki, na juu ya kisiki sufuria kuukuu iliyobanwa na mawe manne pembeni isipeperuke. Kila baada ya mvua alitumbukiza mkono akapima kwa vidole. "Leo kidole kimoja." "Leo viwili." Hakuandika popote, ila alikuwa anakumbuka. Ukimwuliza mvua ya mwaka aliozaliwa mwanao, anakujibu kama mtu anayekumbuka wageni wa harusi. Sisi tulimcheka. Zena ndiye alikuwa mcheshi kupita wote, akipita pale anatia kidole kwenye sufuria anasema, "Shikamoo babu, leo chumvi imekolea?" Naye, "Marahaba. Kaonje kwa mumeo."

Hakuwa malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa na kiburi cha kimya kimya, na chumvi ukimwomba anakuhesabia punje. Siku ya kulima njia, kabla masika hayajaingia, kila nyumba ilikuwa na kipande chake. Alipita mlango kwa mlango akasema neno moja tu, "Jembe," akasimama hapo hapo mpaka mtu atoke. Asiyetoka hakumtoza faini wala hakumsema. Alimlimia kile kipande mwenyewe, kisha katikati akaacha fungu la majani kama nywele zilizosahauliwa na kinyozi. Kila apitaye akiliona anajua nyumba gani ililala. Mwaka mmoja aliniachia mimi. Mpaka nafika mjini na kabichi zangu nilikuwa nimeshaulizwa na watu watatu, "Vipi mama, bado umelala?" Kesho yake alfajiri nilikwenda kulifyeka lile fungu, nikamkuta ameketi juu ya jiwe ananingoja. "Umeamka, bibi weye?" Nilimchukia wiki nzima.

Kitu ambacho nataka mkielewe vizuri ni mapishano.

Njia yetu ilikuwa nyembamba. Mtu anayeshuka na mzigo akikutana na anayepanda, mmoja lazima akae pembeni. Desturi ya kwetu, asiye na mzigo ndiye anayepisha, tena anapanda upande wa juu, upande wa mlima, ili mwenye mzigo abaki na njia yote. Na mwenye mzigo kichwani hadaiwi salamu. Hata kama ni mdogo wako, shikamoo yake inangoja mpaka atue. Sasa Bwana Njia alichimba mahali saba pa kupishana. Alikula mlima taratibu kwa jembe, miaka na miaka, akapanua, akaweka jiwe bapa la kutulia mzigo. Alipanua hivyo kwa sababu ya machela. Mgonjwa anabebwa na watu wanne, na wanne wengine wa kupokezana, sasa wanapokezana wapi? Pale. Wanawake wa kwetu wameshajifungua kwenye mapishano. Yupo binti hapa anaitwa Njiani, si mzaha.

Kati ya pishano la tano na la sita kuna Shingo. Shingo ni mwamba umetokeza upande mmoja, na upande wa pili ni Korongo la Mgude, ukianguka utaokotwa chini. Hapo wanapita mmoja mmoja. Hata machela inageuzwa ubavu. Bwana Njia hakuwahi kupanua Shingo. Nilimsikia akimjibu kijana mmoja aliyemwuliza, "Hiyo ndiyo inayoshika mlima. Ukiipunguza, mlima wote unakuja kukuuliza." Hakusomea. Alikuwa ametazama tu.

Na bado mtu huyu alikuwa anataka barabara. Hapa ndipo watu wa mjini hawamwelewi, wanasema wazee wa mlimani hawapendi maendeleo. Alikuwa anafukuza bodaboda kwenye njia yake kama anafukuza ngedere, lakini alikwenda ofisi ya kata kuomba barabara ya gari, watendaji watatu wamekuja wameondoka, wote aliwapelekea ndizi. Barua mara moja niliandika mimi. Alinitamkia nikiwa nimekaa kwenye kile kisiki, sufuria nimeipakata. Niliandika: Tunaomba barabara, wagonjwa wanafia njiani, wajawazito wanajifungulia njiani. Akasema ongeza: Barabara ipite upande wa pili, kwenye mgongo wa mlima, Shingo isiguswe. Karatasi ilikuwa imejaa. Nikageuza, nikaandika kwa nyuma.

Haikujibiwa. Yeye alisema wanafikiria.

Halafu akaja Bwana Mserro na mradi. Alikuwa amepata eneo juu yetu, pale penye ubaridi mzuri, anataka kukata viwanja na kujenga nyumba za wageni watakaokuja kuangalia mji ukiwa chini. Sikatai, mtu na bahati yake. Lakini mradi kama ule, kabla haujapewa kibali, halmashauri lazima ije ikague kama kuna barabara ya kuufikia. Gari la zimamoto lipite, la wagonjwa lipite. Wakauita ukaguzi huo mapitio ya barabara. Wakamtuma Injinia Fidelis na msaidizi wake mwenye daftari.

Walikuja kiangazi. Korongo lilikuwa kavu, mbuzi wanalala ndani yake. Bwana Njia aliposikia wamekuja kupima barabara, alivaa kanzu. Mnanielewa? Mtu alivaa kanzu ya Idi kwenda kuonyesha njia. Akanipitia. "Mama Rehema, beba togwa. Wageni wetu wamekuja." Nilibeba kidumu cha togwa na ndizi mbivu, nikafuata nyuma. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Injinia alikuwa na raba nyeupe na amechoka kabla hatujafika pishano la kwanza. Anahema, jasho linamtiririka. Bwana Njia, kwa adabu ya kwetu, akamwambia, "Karibu upumzike hapa, baba. Hapa ndipo pa kupumzikia." Wakakaa juu ya jiwe bapa. Nikamimina togwa. Injinia akanywa, akatazama huku na huku.

"Mzee, hapa nani alipanua?"

"Mimi."

"Kwa greda gani?"

"Hili," akampa jembe alishike.

Wakacheka. Injinia akatoa futi, ile ndefu ya kamba. "Haya basi mzee, shika mkia huo, simama pale kwenye ukuta." Mzee akashika. Injinia akavuta mpaka ukingoni, akasoma, msaidizi akaandika. Akasema, "Mzee, una barabara hapa!" Msaidizi akapiga picha kwa simu. Wallahi sijawahi kumwona Bwana Njia amefurahi namna ile. Meno yote nje, futi ameibana kwa vidole viwili kama ameshika kanga ya bibi harusi.

Pishano la pili, hivyo hivyo. Wamechoka, karibu mpumzike, togwa, futi, picha. La tatu. La nne. La tano. Kila waliposimama kupumzika ndipo walipopima, na walipumzika pale alipowakaribisha, na aliwakaribisha mahali pazuri kwa sababu hivyo ndivyo mgeni anavyokaribishwa.

Tukafika Shingo. Injinia Fidelis alitazama chini mara moja tu. Futi ilikuwa mfukoni. Alipita amekumbatia mwamba kwa mikono miwili, shavu limegusa jiwe, raba nyeupe zinaburuzika, na Bwana Njia amemshika mkanda kwa nyuma anamwambia, "Usitazame huko, baba. Nitazame mimi." Alipofika ng'ambo akakaa chini. Nilimpa togwa ya mwisho.

Shingo haikupimwa, wala mapishano mawili yaliyobaki juu; Injinia alisema inatosha, turudi. Tukiwa tunashuka Bwana Njia alimkumbusha, "Na pale penye mwamba, baba, mtaandika vipi?" Injinia akamjibu, "Tumepaona mzee, tutapaweka." Mtu amekunywa togwa yako, umemshika mkanda asianguke, anakwambia tutapaweka. Ungemwambia nini?

Mkutano wa wananchi ulifanyika ofisi ya kata. Tuliandikwa majina mlangoni, tukaingia. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi za mapitio na picha. Nilisogea kusoma, mzee yuko begani kwangu. Picha tano. Kila picha ina jiwe bapa. Kwenye ya kwanza yumo yeye na kanzu yake, anacheka, ameshika mkia wa futi, na chini wameandika: Mwananchi akishirikiana na wataalamu. Nilimsomea. Akasema, "Kumbe nimependeza." Kisha akapita karatasi zote kwa kidole, polepole, kama anavyopima sufuria.

"Shingo iko wapi?"

Nikatafuta. Haikuwepo. Palikuwa na mstari umeandikwa: Njia ya kufikia eneo la mradi ipo, ina upana wa kutosha sehemu zote zilizopimwa, inapitika kwa matengenezo ya kawaida.

Sehemu zote zilizopimwa. Nimelisoma hilo mara nyingi tangu hapo. Aliyeandika alijua anachoandika.

Ulipofika wakati wa maswali Bwana Njia alisimama. Hakuwa msemaji, akikaa mbele za watu maneno yanamkimbia. Alisema, "Mimi ninaomba kipimo cha Shingo. Hapo mmepima pa kupumzikia tu. Pa kupitia hamjapima."

Diwani Salumu ndiye alikuwa mwenyekiti. Ni mtoto wa huku huku, mama yake alibebwa kwenye machela ile ile. Alitabasamu, akanyanyuka, akaenda ukutani akabandua ile picha.

"Mzee wangu, huyu nani?"

"Mimi."

"Umeshika nini?"

"Futi."

"Nani alikulazimisha kuishika?"

"Hakuna."

"Sasa mzee, kipimo umeshika mwenyewe, umecheka mwenyewe, leo unakikataa?"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nisiwafiche, midomo ilinicheza, nikacheka. Diwani akaona haitoshi, akatoa barua kwenye faili. Barua yangu, mwandiko wangu. Akausomea ukumbi: Tunaomba barabara, wagonjwa wanafia njiani. "Hii si ya kwenu?" Nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, geuza. Kuna maneno kwa nyuma." Akasema, "Mama, kaa, tunakwenda na muda." Hakuigeuza. Nilipaza sauti, "Igeuze!" Bwana Mserro, aliyekaa mstari wa mbele na soda yake, akageuka akanitazama kama anatazama mbuzi aliyeingia msikitini.

Majina tuliyoandikwa mlangoni yalikwenda kuambatanishwa. Juu yake wakaandika: Wananchi walioridhia.

Bwana Njia alirudi zake nyumbani. Siku mbili hakutoka. Njia ilikaa siku mbili bila yeye, na mimi sikumbuki kitu kama hicho. Siku ya tatu nilimpelekea uji, nikamkuta ameshika ile kanzu mapajani, anatafuta mahali pa kuikunja. Akasema, "Yaani nilivaa kabisa."

Kibali kilitoka, Bwana Mserro akaleta kijiko cha kuchimbia, greda likafuata. Walipanua kuanzia chini, mapishano yote yakamezwa, mawe bapa wakayasukumia korongoni. Bwana Njia alikuwa anafuata nyuma ya greda na jembe, anakata makinga maji upya. Dereva wa greda anamtania, "Mzee, mimi napasi shati, wewe unalikunja!" Naye anamjibu, "Endelea kupasi, mwanangu, atakayelivaa ni maji." Kila jioni alikata, kila asubuhi greda likasawazisha. Walipofika Shingo waliipasua siku nne. Udongo wote wakaumwaga Korongo la Mgude, korongo likaziba. Kwenye makaratasi kalavati zilikuwa ziwekwe kabla ya mvua. Hazikuwekwa. Injinia Fidelis alitia saini kwamba kazi imekamilika. Hilo la saini tuliambiwa na mtendaji wa kata mwenyewe, baada ya msiba, akiwa ametazama chini.

Masika ya kwanza, maji yalikuja yakatafuta korongo yakalikuta limejaa. Yakatafuta makinga maji, hakuna. Yakashika barabara, yakashuka nayo mpaka pale palipokuwa Shingo, yakaingia kwenye jeraha la mlima. Chini ya jeraha lile ilikuwa nyumba yangu. Mengine nimeshayasema.

Wiki ile walikuja wa halmashauri. Injinia Fidelis hakufika kwetu, alibaki chini kwenye gari. Barabara aliyoandika inapitika, gari lake halikupita. Waliofika walitupa pole, wakapiga picha, wakaandika: Maporomoko yamesababishwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida. Bwana Njia alikuwa amefungwa vitambaa mikono yote miwili. Akawaambia njooni muone kitu. Akawapeleka kwenye kisiki. Sufuria ilikuwa na maji ya mvua ya siku ile, ameifunika sinia. Katika yote yale, na mikono ile, alikumbuka kwenda kuifunika.

"Tia kidole," akamwambia mkuu wa msafara.

Mkuu wa msafara akacheka kidogo. Hakutia.

"Vidole viwili na nusu," Bwana Njia akasema. "Mwaka aliozaliwa Rehema wa huyu mama kilikuwa kiganja kizima, siku tatu mfululizo. Mlima haukutingishika. Andikeni hilo."

"Mzee, sufuria si kipimo cha kitaalamu."

Pale pale mzee akauliza, "Na mapumziko yangu mliyoyapima, ndiyo ya kitaalamu?"

Hawakuandika.

Mimi nilihamia Mwembesongo, chumba kimoja, nauza mboga kama zile nilizokuwa nalima. Sikupanda mlimani miezi mingi. Nilikuwa siwezi kupita pale. Mwisho nilipanda kwa sababu nilisikia haamki vizuri. Nilifika nyumbani kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, alipokuwa anatunzwa, wakaniambia hayupo, ametoka. Ametoka wapi mtu mgonjwa? Nilijua.

Nilimkuta pale palipokuwa Shingo. Amekalia debe, maana kusimama alikuwa hawezi, na jembe amelishika mpini karibu na chuma kwa vile vidole vilivyopona vibaya, anakwangua barabara. Anakata kinga maji. Mlinzi wa mradi amesimama juu yake, kijana wa Gairo, mwenye heshima zake, hajui afanye nini.

"Mzee, nakuomba. Unaharibu barabara ya watu. Nitafukuzwa."

"Wewe mtu wa Gairo unajua karanga. Mlima umeujulia wapi?"

"Sijui mlima, mzee, najua bosi wangu."

"Basi akija mwambie umenipiga. Nitakubali."

Kijana akacheka, akaniona, akaniamkia, akaenda kukaa mbali kama hajaona kitu. Namshukuru mpaka leo.

"Shikamoo, Bwana Njia."

"Marahaba. Umetua mzigo?" Sikuwa na mzigo, nikaelewa anauliza nini. Nikamwambia bado. Akasema, "Na mimi."

Nikachukua jembe nikamalizia lile kinga maji, yeye ananielekeza kwa kidole, hapa inua, hapa laza. Tulipomaliza akalipokea jembe lake. Kisha akaniambia niandike. Nikamwambia sina karatasi. Akasema, andika ukifika. Andika orodha ya waliomfukia Zena. Nikaanza kutaja, Injinia, Diwani, Bwana Mserro, akanikata.

"Unaanza vibaya. Futi niliishika mimi."

"Hukujua, babu."

"Nimekuuliza kama nilijua? Nimesema niliishika. Niweke wa kwanza. Niliwakaribisha kukaa mahali pazuri, na wao wakachukua mahali pazuri wakaacha pabaya kwako." Akatazama korongo. "Lakini usiniache peke yangu kwenye hiyo orodha. Nikiwa peke yangu watasema ni uzee."

Nikamwambia na mimi niliandika barua, maneno ya maana nikayaweka nyuma ya karatasi. Akafikiri. Akasema, "Basi wewe wa pili." Hivyo tu, hakunipoza.

Alifariki kabla vuli haijaanza. Walimzika juu, na waliobeba jeneza hawakuwa na pa kupokezana.

Sasa naandika. Wa kwanza ni Bwana Njia, aliyeshika futi. Wa pili mimi, Mama Rehema, niliyeandika kwa nyuma ya karatasi na kucheka ukumbini. Sisi wawili tumejibu.

Wa tatu ni wewe, Injinia Fidelis, uliyepita Shingo umekumbatia mwamba kwa mikono miwili, kisha ukaandika inapitika. Wa nne ni wewe, Diwani Salumu, uliyeambiwa barua ina maneno nyuma usiigeuze. Wa tano ni wewe, Bwana Mserro, uliyezika korongo ukaacha kalavati kwenye makaratasi. Na mkuu wa msafara, jina lako sikupewa, uliyekataa kutia kidole kwenye maji. Wewe ni wa sita mpaka utakapojitaja.

Sitaki pole. Nataka mkutano mwingine, ofisi ile ile, viti vile vile. Barua ile iletwe igeuzwe, isomwe kwa sauti upande wa pili. Halafu Injinia usimame uniambie mbele ya watu: Shingo ilikuwa na upana gani?

Mkia wa futi nitaushika mimi.